Kabla Hujanunua Mashine ya Kuni, Pitia Rufiji Kwanza

Ukishajulikana kwamba wewe ni mtu wa magazeti na una ndugu Kibiti, maswali ya ajabu yatakufuata. Kwa mwaka huu peke yake nimeulizwa mara tatu: hivi, mashine gani nzuri ya kukata na kupasua kuni? Wanaouliza hawana masihara. Mmoja ana tanuri la mikate Mbagala. Mwingine anapikia wanafunzi mia kadhaa katika shule ya binafsi. Wa tatu ni mjomba wangu, anayeuza kuni pale Kibiti kwa wakaanga samaki na mama lishe. Wote wanaletewa magogo mazito na mabichi, na vijana wa shoka wanataka hela yao kila jioni. Sasa wameona mitandaoni mashine za Finland zinazomeza gogo upande huu na kutema kuni zilizopasuliwa upande ule, nao wanajiuliza kama wasijikusanye wanunue.

Jibu ninalo, lakini wadau mniwie radhi, linaanzia mbali kidogo. Linaanzia kwenye delta ya Mto Rufiji, ambayo leo iko wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji mwaka 2016. Kule watu wamekata miti kwa ajili ya biashara kwa karne nyingi, na vyombo vya kukatia vimekuja na kuondoka. Ukiipitia historia hiyo polepole unaona jambo moja: makali ya chombo hayajawahi kuwa shida kubwa ya Rufiji. Shida zimekuwa tatu, nazo ni mti wenyewe, njia ya kuutoa, na karatasi ya kuuhalalisha. Anayenunua mashine leo bila kuyaangalia hayo matatu ananunua chuma tu.

Tuanze na mti. Delta ina mikoko inayokadiriwa kufika hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Sisi wa mjini tukishasema "mikoko" tumemaliza. Mtu wa delta ndiyo kwanza anaanza. Kuna mkandaa, kuna mkoko wenyewe, kuna msinzi, mchu, mlilana, mkomafi na msikundazi, na kila mmoja una kazi yake. Mkandaa na mkoko ni mizito, imenyooka, na mchwa wanaiogopa, kwa hiyo ndiyo miti ya boriti. Mlilana ni wa mataruma ya mashua. Msikundazi ulitafutwa kwa milingoti. Magome ya mkoko na mkandaa yaliuzwa kwa watengeneza ngozi na rangi. Kilichobaki, matawi na vipande vilivyopinda, ndicho kilichokuwa kuni, na ni kuni kali hasa. Ukitaka kuchoma chokaa, kuchemsha chumvi au kukausha samaki, moto wa mkoko haukuangushi.

Boriti ndizo zilizoifanya delta ijulikane hadi ng'ambo. Majahazi ya Oman, Uajemi na Kuwait yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa yamepakia boriti. Kule kwao miti ya kuezekea nyumba ilikuwa adimu. Hata ukienda leo Mji Mkongwe Zanzibar utakuta vyumba virefu lakini vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Sababu ni boriti. Mti wa mikoko unaofaa kubeba dari la mawe na chokaa ulikuwa na urefu huo, basi fundi akajenga chumba kulingana na mti. Mti wa Rufiji ndio uliompangia sultani upana wa sebule yake!

Mwaka 1939 baharia Alan Villiers kutoka Australia alifika delta akiwa ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr Al-Nejdi, lililokwenda kupakia boriti. Aliyoyaona akayaandika katika kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940. Wakati huo Ulaya walikuwa tayari na misumeno ya mota. Delta ilikuwa bado shoka, na boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, kama zilivyohesabiwa zamani.

Kwa nini shoka lilidumu hivyo? Wengine watasema ni umaskini au kutojua. Mimi naona ni hesabu. Mti wa boriti si mnene, na mtu mwenye shoka kali anauangusha kwa dakika chache. Kazi inaanza baada ya hapo. Unaubeba begani huku miguu inazama topeni hadi magotini, unaufikisha kwenye kijito, kisha unangoja maji yajae. Boriti mbichi ni nzito kiasi kwamba huwezi kuitegemea ielee, lazima ipande mtumbwi. Na mtumbwi wenye mzigo hautoki kijito kidogo mpaka maji yawe makubwa, pengine mpaka bamvua. Hata ungempa mkata boriti wa mwaka 1890 msumeno wa mota, angekata korija kumi asubuhi, halafu angekaa juu yake akisubiri bahari.

Hiyo ni shida ya njia. Ya karatasi waliileta Wajerumani. Mwaka 1898 waliiweka mikoko ya Rufiji chini ya usimamizi wa misitu wa serikali yao, na kukata kukawa na kibali na malipo. Mwaka 1904 ikatoka sheria ya misitu ya koloni zima, iliyowapa uwezo wa kutenga maeneo na kuyafunga. Mwaka uliofuata, Julai 1905, Maji Maji ikalipuka katika milima ya Matumbi, kusini tu mwa Rufiji. Shuleni tulifundishwa sababu zake: pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko vya maakida. Zote ni kweli. Lakini mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu misitu ya Tanzania, kiitwacho Wielding the Ax, anaongeza jambo ambalo mimi sikumbuki kuliona kwenye daftari langu: kufungiwa misitu nako kulikuwemo ndani ya hasira ile. Mtu aliyekuwa anakata mti wa nyumba, wa mtumbwi na wa kuni bila kumwomba mtu, ghafla akawa mwizi kwenye msitu wa babu yake.

Tangu hapo karatasi haijatoka Rufiji. Waingereza waliitangaza mikoko ya pwani kuwa hifadhi mwaka 1928. Serikali ya Tanzania huru ikasimamisha ukataji wake mwaka 1987, na mwaka 1991 ukatoka mpango wa taifa wa kusimamia mikoko, kazi iliyoongozwa na Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bendera zilibadilika, lakini anayekata mkoko aliendelea kuulizwa swali lile lile: kibali kiko wapi? Kwa hiyo ndugu yangu unayewaza mashine, likushike sikioni mapema: usipige hesabu ya biashara ukitegemea mikoko. Moto wake ni mtamu, lakini huo ni msitu wa hifadhi, na mizizi yake ndiyo inayoshika udongo, inalea kamba na kuwavunjia watu wa delta nguvu ya mawimbi.

Kuna kisa kingine cha delta ambacho watu hukisimulia kama habari ya vita tu. Mimi nakiona kama somo kwa mnunuzi wa mashine. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar. Baada ya ushindi huo mitambo yake ikaharibika, ikarudi kujificha kwenye vijito vya Rufiji. Karakana iliyoweza kutengeneza vipuri vile ilikuwa Dar es Salaam. Basi vyuma vikafunguliwa, vikaburutwa nchi kavu na wapagazi hadi mjini, vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi delta. Meli ikapona. Lakini ilihitaji makaa ya mawe, na meli iliyotumwa kuyaleta, Rubens, ilikamatizwa na Waingereza kwenye ghuba ya Manza karibu na Tanga, Aprili 1915. Königsberg ikabaki pale ilipo, na Julai 11, 1915 ikamalizwa na mizinga ya Severn na Mersey.

Chombo cha kisasa kama kile kilinasa kwenye matope kwa sababu fundi alikuwa mbali na nishati ilikuwa mbali zaidi. Sasa jiulize: mkanda wa mashine yako ukikatika, au pampu yake ikianza kuvuja mafuta, fundi yuko Kibiti au utaburuta vyuma hadi Dar?

Turudi kwenye misumeno. Andreas Stihl alianzisha kampuni yake Ujerumani mwaka 1926, na misumeno yake ya mwanzo ilikuwa mizigo ya watu wawili. Mwaka 1950 kampuni hiyo ikatoa msumeno wa petroli wa kushikwa na mtu mmoja, kilo 16 hivi. Kutoka hapo ukazidi kupungua uzito na kusambaa duniani, mpaka ukafika kwetu tukaubatiza chenso. Kwenye delta haukuwa na ajabu kubwa, kwa sababu nilizozitaja. Ajabu yake ilikuwa kwenye misitu ya nchi kavu, kwenye mninga na mkongo. Kule magogo ni manene, na zamani kupasua mbao kulihitaji watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, unga wa mbao ukimwangukia machoni mchana kutwa.

Lakini hata chenso ilikuwa na subira yake. Kwa miaka mingi kuvuka Rufiji kulikuwa ni kungoja pantoni pale Ndundu, na masika yakija barabara ya kusini inageuka ziwa. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, mita 970. Ilikuwa furaha ya haki kabisa kwa watu wa Lindi na Mtwara waliokuwa wamefungiwa na mto. Pamoja na watu, magogo nayo yakapita. Soko la China lilikuwa na njaa ya mbao ngumu, bandari iko Dar, na sasa lori linafika. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC likatoa ripoti juu ya biashara ile ya kusini mwa Tanzania. Ilikadiria kwamba serikali ilikuwa inapoteza hadi asilimia 96 ya mapato ambayo ingeweza kuyapata kutokana na mazao ya misitu ya asili. Soma tena namba hiyo. Katika kila shilingi mia, shilingi 96 zilipotea njiani.

Msumeno wa mota ulikuwepo nchini kabla ya daraja. Daraja na soko ndivyo vilivyoupa kazi. Na waliotajirika hawakuwa wale waliokuwa wanashika msumeno. Mkata gogo alilipwa ujira wake, akabaki na visiki. Faida kubwa ilikwenda kwa mwenye lori, mwenye karatasi na mwenye mnunuzi bandarini. Kwa kuni mambo hayana tofauti kubwa. Mjomba amenieleza kwamba anayeamua bei yake pale Kibiti ni mwenye usafiri. Mashine ya kupasua haibadilishi hilo hata kidogo. Itampunguzia gharama za vijana wa shoka, ambao nao wana watoto, lakini mwenye lori atabaki pale pale.

Kuna jambo jingine la kuliangalia kabla hujatoa hela, nalo ni umri wa biashara yenyewe. Mwaka 2018, kwa ajili ya bwawa la umeme kwenye korongo la Stiegler, juu ya mto huu huu, Wakala wa Huduma za Misitu ulitangaza zabuni ya kuvuna mita za ujazo karibu milioni 3.5 za miti. Bwawa hilo, sasa Bwawa la Julius Nyerere, lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Februari 2024. Mwezi Mei mwaka huo huo serikali ikazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sisemi lengo litafikiwa kama lilivyoandikwa, malengo yetu tunayafahamu. Lakini taasisi kubwa, zikiwemo shule, zimeshaanza kusukumwa kuacha kuni. Anayekopa benki kununua mtambo mkubwa wa kuni ajiulize kama utakuwa umelipa deni kabla wateja wake hawajahamia gesi.

Haya, sasa mashine zenyewe.

Zile za Finland zinazokata na kupasua kwa mkupuo mmoja, kama za Hakki Pilke, ni nzuri kweli kweli, huko kwao. Zimetengenezwa kwa miti iliyonyooka kama penseli, na gogo moja hufanana na jingine. Wewe kuni halali unazoweza kuzipata Kibiti, Mkuranga na Rufiji ni nini? Hasa ni mikorosho iliyozeeka inayong'olewa, miembe, mivinje, na matawi yanayopogolewa mashambani. Mkorosho hukua ukijinyonga kama mtu anayetafuta usingizi. Uweke kwenye mtambo ule na utashinda unautoa kipande kwa kipande. Kwa matumizi ya nyumbani na biashara ndogo, achana nao.

Msumeno wa meza, ule wenye sahani ya meno inayozungushwa na mota au mkanda, unakata haraka matawi ya unene wa mkono. Lakini haupasui. Na usipokuwa na kikinga, hauchagui kati ya tawi na kidole.

Chenso ni chombo cha kufupisha magogo, na kwa mkorosho uliopinda haina mpinzani. Kama kazi yako ni siku mbili kwa mwezi, mkodishe mwenye nayo aje na mafuta yake. Ukitaka kununua, pita kwanza ofisi ya TFS ya wilaya uulize masharti, maana chombo hiki wanakiangalia kwa jicho kali. Mnazi usiukate nayo kwa ajili ya kuni. Unameza makali ya mnyororo, haupasuki kwa raha, na moto wake haulipi jasho. Vifuu na makumbi ndivyo vya kuchoma.

Ya kupasulia ziko za aina mbili kuu. Kuna ya parafujo, yaani chuma chenye umbo la pia kinachozunguka na kujichimba ndani ya gogo. Ni rahisi, mafundi wetu wanaichomelea wenyewe, na ni hatari. Ikishika nguo au glavu haiachii. Ya pili ni ya haidroliki, ambayo bomba la mafuta linasukuma gogo polepole kwenye kabari. Ndogo za nyumbani zina nguvu ya tani tano hadi nane na mota ya umeme ya kilowati 2 hivi, inayotumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Kwa mkorosho na mvinje inatosha. Mwembe wenye nyuzi zilizosokotana utaisumbua, lakini huo unamsumbua hata mwenye shoka. Nikiambiwa nichague moja kwa mwenye tanuri, nachagua hii, kwa sharti kwamba mipira ya mafuta na sili zake zinapatikana karibu. Kumbuka Königsberg.

Na kabla ya hiyo, kuna mashine ambayo haiuzwi dukani. Kilo moja ya kuni mbichi, ambayo nusu ya uzito wake ni maji, inakupa joto la megajuli 8 hivi. Kilo ya kuni zilizokauka hadi maji yakabaki asilimia 20 inakupa kama 15. Yaani karibu mara mbili kwa uzito ule ule. Kinachohitajika ni kupasua mapema, hata kwa kabari na nyundo, kupanga kuni juu ya vipande vya miti zisiguse ardhi, na banda lenye paa na kuta wazi upepo upite. Mvua za vuli na masika zisizikute nje. Mwenye tanuri anayechoma kuni mbichi analipia lori libebe maji kutoka Kibiti hadi Mbagala, halafu analipia kuni nyingine za kuyachemsha maji hayo.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza hakikisha kuni zako zinatoka shamba linalojulikana, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu ipo kabla lori halijafika geti la maliasili. Pili jenga banda. Tatu kodisha chenso. Nne, ukiona kwa miezi sita kwamba kupasua ndiko kunakokukwamisha, nunua ya haidroliki ndogo, na kijana wako wa shoka umfundishe kuiendesha badala ya kumfukuza, kwani ndiye anayejua gogo lipi linapasukia wapi.

Wakata boriti wa delta waliuza Kuwait na Zanzibar bila mota hata moja, kwa kuwa walijua mti wao na walijua saa ya maji. Waliokuja baadaye na misumeno ya petroli walikata zaidi, na vijiji vikabaki na visiki.